Boti Haikojoi

Naanza na kukanusha. Sikuruka majini. Nyinyi mliosikia ile sauti ya mwenzetu tunayemwita Redio, inayozunguka WhatsApp tangu Jumapili, ambamo injini "imelipuka kama bomu" na fundi "amejitosa ziwani akamwacha mama mkwe anaungua", futeni. Hakuna kilicholipuka. Hakuna aliyeungua. Na mimi sikuruka.

Natamani ningeruka.

Naandika mwenyewe kwa sababu Redio anatamba kwamba ana sehemu ya pili, na hiyo ya pili, banange, ndiyo ya kweli. Afadhali mnisikie mimi kabla hajaitia chumvi. (Redio si jina lake. Ni ugonjwa wake.)

Mnaonifuata hapa siku nyingi mnaijua boti ya bosi wangu pale Majanji, Uganda, kando ya Ziwa Viktoria; mimi ndiye fundi wake. Wenzetu wengi wana injini za kuning'iniza nyuma. Yetu ni dizeli ya silinda sita iliyong'olewa kwenye lori, ikafungwa katikati ya boti ya mbao, ikafunikwa kasha. Asubuhi kasha hilo lina joto zuri, watu hugombania kukaa karibu nalo. Benchi moja liko mbele ya kasha, jingine nyuma yake. Shikeni hiyo ramani, mtaihitaji.

Ijumaa iliyopita ilikuwa safari ya kisiwa cha Sigulu, harusi ya shemeji. Boti ya kwanza ilijaa wanakwaya na masufuria. Yangu wakapanda wazee wa ukweni. Na kati yao, mama mkwe.

Sasa wa mjini niwaeleze kidogo. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Ukimwona anakuja njiani, unaingia kwenye mihogo mpaka apite. Miaka sita nimeoa, mgongo wake naujua kuliko uso wake. Salamu zangu hupelekwa na mke wangu kama barua, na majibu hurudi hivyo hivyo. Lakini ndani ya boti utaingia kwenye mihogo gani? Wazee wakapanga: mama akae benchi la nyuma ya kasha, atazame nyuma, mimi nikae benchi la mbele, nitazame mbele. Mgongo kwa mgongo, dizeli katikati. Alikuwa amevaa gomesi, lile gauni la heshima la kina mama wa kwetu, ya kijani, mpya, mkanda wake unang'aa mpaka unaumiza macho. Hiyo rangi niliiona wakati anapanda, kwa pembe ya jicho. Zaidi ya hapo sikutazama, Mungu shahidi.

Kabla hatujang'oa nanga baba mkwe akaniuliza, "Mkwe, mashine hii ni nzima?"

Mtu mwenye akili angejibu, "Nzima, baba." Mimi nikafungua kasha nikatoa mhadhara. Nikapiga kofi juu ya manifoldi kama mtu anayeuza ng'ombe. Nikamwambia: hii, baba, ndiyo inayokusanya moshi wa silinda zote sita. Moshi wa dizeli iliyobeba mzigo una joto la nyuzi 400 mpaka 600. Kwenye lori upepo unasaidia, lakini humu tumboni mwa boti hakuna upepo, kwa hiyo manifoldi imevishwa koti la maji. Pampu inavuta maji ya ziwa, yanazunguka kwenye koti, yanabeba joto, halafu yanatupwa nje ubavuni pamoja na moshi. Maji yakikatika, hatari. Maana hiki ni chuma cha kusubu, baba. Ni kigumu, lakini hakijui kupinda. Kina roho ya chungu. Ukikitoa motoni ukakimwagia maji, kinapasuka.

"Ukikitoa motoni ukakimwagia maji, kinapasuka." Nilisema hivyo. Saa mbili asubuhi. Mbele ya mashahidi kumi na wanne. Baba mkwe akatikisa kichwa kwa heshima, akamwambia ndugu yake kwamba binti yao hakupotea.

Tukaondoka.

Hapa lazima niwafundishe neno la kazi. Mtu wa boti haamini geji, anaamini paipu ya ubavuni. Maji yakiwa yanatoka pale, pampu inafanya kazi na chuma kinapoa. Yakiacha kutoka, una dakika chache za kuzima. Na majini kote, kwa mnaonijua na msionijua, maji hayo yakitoka tunasema boti inakojoa. Hakuna matusi hapo. Nahodha anauliza "Inakojoa?", fundi anajibu "Inakojoa", maisha yanaendelea. Kuhusu geji yetu ya joto, sindano yake ililala tangu Krismasi. Nilikuwa nitabadilisha.

Tuko mbali na nchi kavu, ziwa limetulia, kina mama wameanza wimbo. Nahodha kule nyuma akapaza sauti:

"Fundi! Haikojoi!"

Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Nilisikia. Nakiri leo, nilisikia vizuri kabisa. Lakini nyuma yangu, ng'ambo ya kasha, nilihisi ule mgongo wa gomesi ya kijani umekakamaa. Nikajifanya natazama ndege.

"Fundi! Boti haikojoi! Pale gatini ilikuwa inakojoa sana, sasa hata tone!"

"Nimesikia," nikamjibu. "Kuhusu lile jambo."

"Jambo gani?"

"Lile la maji."

"Maji ya kunywa?"

"Maji ya... ya kutoka."

"Yanayotoka wapi? Sema vizuri, injini inapiga kelele!"

Jamani. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wawili, nimefungua injini ngapi sijui. Nikashindwa kutamka kitenzi kimoja. Redio, aliyekuwa kule mbele kabisa anakula karanga kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), akaona anisaidie. Akasimama, akakunja mikono mdomoni kama kipaza sauti: "ANASEMA HAIKOJOI! WEWE UNAONA INAKOJOA?" Mzee mmoja akakohoa. Shangazi wa mke wangu akafunika uso kwa kanga. Nikasema tutalizungumza tukifika.

Mafundi wenzangu mnaosoma hapa, najua mnachohesabu. Ndiyo. Dakika tano. Pengine sita. Dizeli imebeba watu kumi na wanne na makreti ya soda na nusu ya ng'ombe, inavuta kwa nguvu zote, na kwenye koti la manifoldi hakuna tone. Ningekuwa na abiria wa kawaida ningezima kwa sekunde kumi. Manifoldi ya watu imepikwa kwa ajili ya adabu.

Kilichoniamsha ni pua. Harufu ya rangi inayoungua, na chini yake harufu ya mpira. Nikapiga kelele "Zima!", nikarukia kasha, nikafungua.

Rangi ya manifoldi, ambayo asubuhi ilikuwa kijani, ilikuwa kahawia na imevimba malengelenge kama chapati. Hewa juu yake inacheza. Nikainama, nikatema mate kidogo, kwa siri. Hiki ni kipimo cha zamani cha wahunzi. Chuma chenye joto la kuchemsha tu, mate yanalia sss yanakwisha. Yangu hayakulia. Yalijikunja yakawa kidonge, yakateleza juu ya chuma kama gololi, yakaangukia upande wa pili mazima. Maana yake kile chuma kilikuwa kimepita nyuzi 200 na bado kinaniangalia.

Najua maana yake. Nasisitiza kwamba nilijua. Dawa ilikuwa kukaa chini. Kukaa tu, kuomba karanga kwa Redio, kungoja nusu saa au zaidi chuma kipoe chenyewe polepole. Sasa jaribu wewe kukaa chini ule karanga wakati moshi unatoka kwenye sakafu na wakwe wote wanakutazama.

Na hapo baba mkwe akatamka, kwa upole kabisa: "Mkwe. Fanya kitu."

Beseni lilikuwa hapo hapo. Lile la bluu, lenye ua jekundu chini, la kutolea maji yanayovuja. Mkono ndio ulioenda. Mimi sikuutuma. Nikainama ukingoni, nikachota, likajaa. Maji ya ziwa letu yana nyuzi 25 hivi, ya kuogea kabisa. Nikageuka nalo. Nakumbuka nahodha akifungua mdomo. Nakumbuka mke wangu akisema jina langu lote, lile la kwenye kitambulisho. Maji yakatoka kwenye beseni, yakatandazika hewani kama shuka inayoanikwa, na yakiwa bado hayajatua nikaisikia sauti yangu mwenyewe ya saa mbili asubuhi: chungu, baba. Ukikitoa motoni.

TKA.

Bomu gani, Redio? Ilikuwa sauti ndogo, kavu, kama mtu amevunja kijiti. Nikauona mstari mwembamba, mweusi, kama unywele, umetoka kwenye tundu la bolti ya tano ukateremka mpaka chini. Nilimaliza kuusoma ndipo mvuke ukapanda.

Ulipanda wote mara moja, mweupe, na ndani yake matone meusi ya maji na masizi. Nikarudi nyuma hatua moja. Ubao ulikuwa umelowa. Mguu ukaenda zake.

Sasa ile ramani. Moshi wa kwanza ulikuwa unaelekea nyuma ya boti. Wazee, watu wa busara, walikuwa wamemtoa mama mkwe kule nyuma asivute moshi, wakamleta mbele, kwenye benchi langu, akiwa ametazama kasha. Hakuna aliyeniambia. Angeniambiaje?

Nilianguka polepole sana. Nilipata muda wa kufikiri kwamba benchi liko nyuma yangu, kwa hiyo nitakaa tu, haina shida. Nikakaa. Benchi lilikuwa laini. Lilikuwa na joto. Lilikuwa na mkanda unaong'aa. Nilikuwa nimekaa juu ya mapaja ya mama mkwe wangu, wima, miguu imening'inia, beseni tupu nimelikumbatia kifuani, kama mtoto aliyekalishwa apigwe picha ya shule. Maji meusi yakawa yanatunyeshea wote wawili kwa usawa.

Mama hakusema kitu. Alikuwa ameinua mikono yake miwili juu, pembeni, kama mtu anayepimwa kipimo cha nguo. Mvuke ukaanza kuondoka, na watu wote wakawa wanatuona vizuri zaidi na zaidi. Redio anasema nilikaa sekunde nne. Mke wangu anasema tungeweza kuandikishwa. Mimi najua tu kwamba niliiambia miguu isimame, na miguu ikaniuliza tukisimama tunaenda wapi.

Nyie mnaonitumia vikatuni vya beseni, nawaona. Majina nayaandika.

Yaliyofuata ni haya: nahodha alitaka kuwasha tena, nikakataa, na hilo ndilo jambo pekee nililolifanya kwa akili siku hiyo. Ufa ukiwa umepita mpaka ndani, maji huingia kwenye njia ya moshi na kushuka kwenye silinda, na maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikiyapiga, konrodi, fimbo inayoisukuma, inapinda. Tukavutwa na boti ya mukene (dagaa) iliyokuwa imechelewa kurudi. Tukafika Sigulu tunanuka. Wazee wakaniweka kikao nyuma ya jikoni, nikatozwa gomesi mpya na kuku wa kuombea msamaha. Harusi ilikuwa nzuri, nasikia. Mimi nilikuwa nafungua bolti.

Jumatatu nikaibeba manifoldi ndani ya gunia mpaka Busia, kwa mzee mmoja aliyenifundisha kazi, ambaye alifungua injini za mashua Mombasa miaka mingi. Njiani nilikuwa na tumaini moja: atasema ni umri, chuma kimeliwa. Akanivunjia tumaini kabla ya chai. "Kule pwani," akasema, "chumvi inaila manifoldi kutoka ndani, unaweza kuilaumu. Nyinyi maji yenu hayana chumvi. Mtamsingizia nani?"

Akaitia nyundo, ikagawanyika pale penye ufa, akanionyesha uso wa mpasuko kwenye jua. Sitaki kuwaonyesha picha, nitawaeleza. Sehemu kubwa, kuanzia tundu la bolti, ilikuwa nyeusi ya masizi na kutu, imezeeka. Kipande kidogo tu cha mwisho kilikuwa kijivu kisafi, chembe chembe kama sukari.

"Hicho kisafi," akasema, "ndicho cha beseni lako. Hicho cheusi ni cha lini?"

Kwa sekunde moja nilifurahi, jamani. Beseni halina hatia! Ufa ulikuwepo! Halafu nikakumbuka nani aliifunga ile manifoldi mwezi wa tatu.

"Ulikaza na nini?"

"Na spana, mzee."

"Spana na nini?"

Nikatazama chini. "Na paipu."

Aliyefanya kazi hii anajua paipu ya kurefusha mpini wa spana. Unajisikia una nguvu za watu watatu, na bolti nayo inazisikia.

"Ulianzia wapi?"

"Mbele. Nikaenda mpaka nyuma."

Mzee akaweka kikombe chini. Akaniambia kama mtu anayemwambia mtoto asile udongo: unaanzia katikati, unatoka nje kwa zamu, kulia na kushoto, kwa mizunguko mitatu, na nguvu ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini, unaipima kwa spana ya kupimia, si kwa hasira. Kabla ya hapo unalaza rula ya chuma kwenye uso wa manifoldi uone kama imepinda, maana ukiivuta iliyopinda kwa bolti, umeipasua siku hiyo hiyo, inangoja tu tarehe. Akaniuliza kama nimewahi kujiuliza kwa nini matundu ya bolti za mwisho ni makubwa kidogo kuliko bolti zenyewe. Nilidhani ni uvivu wa kiwandani. "Chuma kinatembea," akasema. "Manifoldi ya urefu huu ikipanda nyuzi 300 inarefuka kati ya milimita 2 na 3. Umeipigilia misumari pande zote. Iende wapi?"

Nikaona nimalize yote. Nikamwambia na hozi ya mpira ya moshi ilipochoka, niliweka paipu ya chuma, nikaifunga kwenye ubavu wa boti kwa waya, imara kabisa. Akafumba macho. Injini imekaa kwenye miguu ya mpira, inatikisika mchana kutwa. Ubavu wa boti hautikisiki. Kati yao nimeweka chuma kisichojua kupinda. Na yale masizi yaliyokuwa yanatokea pembeni ya bolti ya tano tangu mwezi wa nne? Nilikuwa nayaona. Kila Jumamosi nilikuwa nayapangusa kwa kitambaa ili injini ipendeze. Miezi yote hiyo ufa unaniandikia barua, mimi nafuta.

Nikauliza kama hatuwezi kuchomelea. Hapo ndipo alipocheka. Chuma cha kusubu ukikichomelea baridi kinapasuka tena sentimita moja pembeni ya kiraka. Kinataka kupashwa joto chote, fimbo za nikeli, na kuzikwa kwenye majivu kipoe taratibu, na kwa koti la maji hata hivyo asingeniamini. Manifoldi nyingine imetoka Kampala, imetumika lakini nzima. Bei sisemi, mke wangu anasoma hapa. Nimeweka hozi ya mpira, geji mpya ya joto, na impela ya akiba, lile gurudumu la mpira la ndani ya pampu, kwenye kopo, maana ile ya zamani ilizunguka kavu mpaka mabawa yake yakakatika.

Ah, na maji yalikatika kwa nini? Nilikuwa tayari kulilaumu gugumaji, ambalo tangu lilipofika upande wetu wa ziwa mwishoni mwa miaka ya 1980 linalaumiwa kwa kila kitu. Nikapiga mbizi chini ya boti, nikaingiza vidole kwenye mdomo wa kuvutia maji. Nikatoa kaveera. Imekunjwa vizuri, na ndani yake kuna maganda mekundu ya karanga. Boti nzima mtu mmoja tu alikuwa anakula karanga, na kabla hatujaondoka gatini alimaliza mfuko wa kwanza. Redio, hiyo itie kwenye sehemu ya pili.

Jana wazee walikuwa wanarudi. Niliwaambia kuna boti nyingine, hakuna atakayekasirika. Wakashauriana, jibu likaja kupitia kwa mke wangu: mama anasema atapanda ile ile. Akapanda. Gomesi ya zambarau, ile ya faini. Benchi la nyuma, mgongo kwangu. Mimi mbele, beseni nimeliacha nyumbani.

Nikawasha. Hakuna aliyeimba. Nahodha ametazama mbele, hathubutu kusema neno, nami sithubutu kuuliza. Baba mkwe anasoma lebo ya soda. Tukatoka gatini, tukapita mitumbwi, na hakuna binadamu mle ndani aliyekuwa tayari kutamka kilichokuwa kwenye mawazo ya wote.

Nikasikia benchi la nyuma linalia. Mtu ameinama kutazama ubavuni. Kisha sauti ambayo kwa miaka sita haijawahi kunielekea moja kwa moja, taratibu, kwa Kiswahili kilichonyooka:

"Fundi. Inakojoa."